Kabla hujasema kocha aondoke, kaa na daftari kwanza

Wagosi, timu ikifungwa mechi tatu mfululizo hapa Tanga kesi inasikilizwa kijiweni na hukumu inatoka kabla kahawa haijapoa. Kocha hafai, aondoke. Mshtakiwa hayupo, shahidi mmoja kaona kipindi cha pili tu mana umeme ulikatika, mwingine kasikia redioni, na jaji ndo yule mwenye sauti kubwa kuliko wote. Siwacheki, mimi mwenyewe nimekalia sana kile kiti cha jaji, mpaka siku nilipogundua nimemfukuza mtu kwa kosa ambalo sehemu kubwa lilikuwa langu, ntawasimulia huko chini. Tangu hapo nikajiwekea utaratibu wa kupima kocha na ndo huu nawapa, mwenye wake mzuri zaidi alete.

Mahitaji ni daftari la shule, kalamu, na uvumilivu wa mechi kumi. Chini ya mechi kumi unapima upepo.

Anza kabla ligi haijaanza

Mwezi wa nane, filimbi haijapulizwa, andika timu yako itamaliza nafasi ya ngapi. Andika kwa akili sio kwa mapenzi. Angalia nani kaondoka nani kaja, na huyo aliyekuja kaja mapema akafanya mazoezi na wenzie au kashuka kwenye basi siku mbili kabla ya mechi ya kwanza, hela ya timu ikoje ukilinganisha na wengine. Ukishaandika funga ukurasa usiuguse tena. Sisi mashabiki kinachotuponza tunahamisha matarajio katikati ya safari, Agosti unasema tusishuke tu inatosha, Novemba mkishinda mechi nne unataka ubingwa, Mei mkimaliza wa nane unasema kocha kaharibu msimu. Kaharibu nini wakati wa nane ndo ulipoandika mwenyewe?

Na hapa kwetu hili tatizo lina mizizi. Coastal Union ni timu ya 1948, ikabeba ubingwa wa Bara 1988, kuna wazee pale uwanja wetu wa Mkwakwani mpaka leo kila kocha anayekuja wanampima kwa kikosi kile, maskini hata hajui anashindana na kina nani. Alaf ikaja 2023/24, Wagosi wa Kaya tukamaliza nafasi ya 4, kipa Ley Matampi akawa kipa bora wa ligi, tukaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Bravos do Maquis ya Angola wakatutoa raundi ya awali kwa jumla ya 3-0, na kocha David Ouma akaondoka msimu ukiwa bado mbichi kabisa. Sasa jiulize, ile nafasi ya 4 ilikuwa kawaida yetu au ulikuwa mwaka wa neema? Ukiichukua ndo ratili yako ya kila mwaka basi kila kocha atakayekuja atapungua kilo.

Wenzetu Uingereza nao wana yao. Tottenham 2024/25 wamemaliza ligi nafasi ya 17, palepale mlangoni pa kushuka, na msimu huohuo wakabeba Europa League kwa kuwafunga Manchester United 1-0 pale Bilbao, kombe lao la kwanza tangu 2008. Kocha wao Ange Postecoglou kafukuzwa wiki mbili na ushee baada ya kunyanyua kombe. Alikuwa na kosa? Inategemea Agosti uliandika nini kwenye daftari lako.

Piga mstari katikati ya karatasi

Kulia andika vilivyo mkononi mwa kocha. Nani anaanza, fomesheni, sub, mipira ya kutenga yetu na yao, timu inakabia juu au inarudi chini, pumzi za wachezaji. Na kimoja watu wanakisahau sana, mchezaji aliyekuja mbichi baada ya miezi sita kakomaa au kazidi kuharibika? Hicho ni cha kocha kabisa.

Kushoto visivyo vyake. Mishahara, nauli, hoteli, uwanja, ratiba, waamuzi, na kwa timu nyingi za kwetu hata usajili wenyewe, kocha anafika anakuta watu wameshasaini anaambiwa haya hawa ndo watoto wako, lea.

Katikati acha nafasi ya yenye utata, majeruhi hasa. Liverpool 2020/21 walikuwa mabingwa watetezi, beki wao Van Dijk akaumizwa na kipa wa Everton mwezi wa kumi, Gomez akafuata, Matip akafuata, wakafika mahali wakafungwa nyumbani Anfield mechi sita za ligi mfululizo, na bado wakamaliza wa tatu. Ile huwezi kumbebesha kocha wao Klopp. Lakini timu yako ikikatika misuli ya paja wachezaji wanne ndani ya mwezi mmoja usiniambie bahati mbaya, hapo mazoezi ni mazito kuliko miili, au wamesafiri na basi usiku kucha kesho yake saa kumi wako uwanjani, na hapo tena uulize basi kaliamua nani, mana kocha hana basi.

Uwanja nao tunauchukulia poa. Msimu wa 2024/25 Coastal mechi kibao za nyumbani zimepigwa nje ya Tanga, Yanga na Simba wote tumewapokea Arusha pale Sheikh Amri Abeid. Nyumbani gani hiyo ndugu yangu? Unatoka baharini kwenye joto unaenda kupigwa baridi ya mlimani unaambiwa uko kwako, wenyeji wenyewe tumebaki huku tunaangalia kwenye tivii. Pointi unazopoteza namna hiyo ziandike kushoto, au angalau nusu yake.

Angalia kama ugonjwa ni wa mtu au wa mtaa

Hiki ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote. 2015/16 Tanga tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu, Coastal, African Sports wana Kimanumanu, na Mgambo. Mwisho wa msimu zimeshuka zote tatu. Zote! Na walioshuka mwaka ule walikuwa hao watatu tu, yani Tanga tulijaza basi peke yetu. Nakumbuka kila kijiwe kilikuwa na kocha wake wa kumtukana, wa Coastal wanamtukana wao, wa Sports wao. Lakini kaa utulie ufikirie, benchi tatu tofauti, wachezaji tofauti, matokeo mamoja. Kocha gani huyo mwenye uwezo wa kushusha timu tatu kwa mpigo? Mji mzima ulikuwa umekauka, hela hakuna, na walezi wa mpira waliokuwa wanatoa mfukoni walishachoka. Coastal imerudi Ligi Kuu 2018/19, na haikurudi kwa sababu ilipata kocha mchawi.

Ukiwapanga makocha kwenye mstari utaona kitu kilekile. Manchester United tangu kocha Ferguson astaafu 2013 kapita Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær, Rangnick, Ten Hag, Amorim, na 2024/25 wamemaliza wa 15 na pointi 42. Wote hao hawajui mpira? Mpishi wa saba akiunguza wali kwenye sufuria ileile, kagua jiko.

Sasa usije ukaishia hapo ukasema basi kocha hana kosa kamwe, hapana, kipimo hiki kinakata pande zote mbili. Msimu uleule wa nafasi ya 4 tulianza vibaya na Mwinyi Zahera, akaondoka mapema, akaja Ouma toka Kenya akakuta wachezaji wengi walewale, timu ikaacha kufungwa hovyo. Sufuria ileile, moto uleule, wali ukaiva. Hapo kwenye daftari langu nilihamisha vitu kutoka kushoto kwenda kulia, nikakubali.

Ukiwa uwanjani usiangalie mpira

Najua ni ngumu, ila jaribu dakika kumi kila kipindi. Kaa juu, usikae karibu na mstari utaona miguu tu. Timu yako ikiwa inashambulia wewe waangalie mabeki wako wamesimama wapi, kuna mtu kabaki na straika wao au wote wamepanda kama wamesikia tangazo la ajira. Timu ikipoteza mpira hesabu sekunde, nani anakimbilia mpira na nani anashika kiuno. Mmoja akishika kiuno ni mvivu, wakishika watano jua hawajafundishwa, au wamechoka na pumzi ni kazi ya benchi.

Kila goli mnalofungwa andika vitu vitatu, dakika, limetokea wapi, na nani alikuwa anamkaba mfungaji. Basi. Baada ya mechi kumi soma. Mimi kanuni yangu goli la aina moja likija mara moja ni la mchezaji, mara mbili ni la kuongelea, mara tatu ni la kocha. Kona ileile ya nguzo ya kwanza, mtu yuleyule anaachwa, wiki ya tatu hii, sasa Jumatatu mpaka Ijumaa mlikuwa mnafanya nini mazoezini? Na magoli ya baada ya dakika ya 75 yakirundikana hiyo sio laana wala mtu hajafukia kitu golini (najua kuna watakaobisha, haya), ni miguu imeisha, na benchi lilichelewa kuleta miguu mingine.

Sub nazo zina somo lake. Usiandike tu nani kaingia nani katoka, andika baada ya sub kuna kitu gani kipya. Tuko nyuma goli moja, kamtoa winga kaingiza winga, kacheza vilevile, hiyo ni kubadilisha jezi. Kocha anayejua akiingiza mtu unaona na wengine watatu wamehama sehemu zao. Halafu angalia ni dakika ya ngapi. Anayesubiri dakika ya 85 kila siku wakati timu inazama tangu ya 50 huyo muandikie alama yake bila huruma.

Hesabu nafasi, sio magoli tu

Nafasi ya wazi kwangu ni ile ambayo ukimuuliza bibi yako angesema alitakiwa afunge. Hesabu zenu na zao. Kama mnatengeneza tano mnaruhusu mbili na bado mnatoka sare au mnafungwa, vumilia, kocha kazi yake ya kumfikisha straika mbele ya goli kaifanya, kumpigia mpira wavuni hawezi. Ila nafasi zikianza kukauka mwezi hadi mwezi, tano, tatu, moja, hata kama bado mnashinda kwa penati na bahati, hapo shika tahadhari mapema kabla ya wenzio.

Nimejifunza pia kwamba wavuvi wa pale Deep Sea wanaelewa hili kuliko sisi wa kijiweni. Mvuvi akirudi na ndoo tupu usiku wa nne mfululizo habadilishi nahodha usiku wa tano alaf akipata samaki akasema ni nahodha mpya, anajua bahari ikishakuwa mbaya sana kinachofuata mara nyingi ni afadhali tu. Kwenye mpira sisi tunamfukuza mtu pale chini kabisa, wa kumi na nne, mechi inayofuata timu inashinda, tunashangilia kocha mpya. Pengine ingeshinda tu hata na yule wa zamani.

Wakubwa wa Dar wametupa mfano mzuri sana kwa hili. Simba 2023/24 kocha Robertinho hajapoteza mechi ya ligi, Novemba 5 Yanga wakampiga 5-1, siku mbili baadae hana kazi, akaja Benchikha nae akaondoka mwezi wa nne, Juma Mgunda wetu huyu wa Tanga akamalizia. Benchi tatu, nafasi ya tatu, pointi 69 sawa na Azam wakazidiwa magoli. Msimu uliofuata Yanga wamemtoa kocha Gamondi Novemba baada ya kufungwa na Azam na Tabora United, akaja Ramovic akaondoka, akaja Hamdi. Benchi tatu pia, wakawa mabingwa. Kwahiyo mtu akikwambia kubadilisha kocha kunaua timu mtajie Yanga, akikwambia kunaokoa mtajie Simba. Angalia kikosi kilichokuwa chini ya hao makocha.

Tembea mtaani uulize

Sasa ile kesi yangu. Miaka ya nyuma nilikuwa mtunza hela wa timu yetu ya mtaa huku Ngamiani, tunacheza ndondo, jina naliacha. Tukapata kocha, mtu mzima, mwalimu mstaafu, mpole, anafundisha vizuri kabisa. Tukaanza kufungwa. Kila mechi kipindi cha kwanza tuko vizuri, cha pili tunaanguka kama nguo kwenye kamba. Mimi nikawa wa kwanza kusema mzee hana mbinu za kipindi cha pili, nikapiga kampeni, kikao kikakaa, mzee akaambiwa asante. Hakubisha, akarudisha mipira minne na filimbi, akaondoka na baiskeli yake.

Akaja kijana ana makelele na fomesheni za kwenye simu. Kipindi cha pili tukaendelea kuanguka vilevile. Wiki ya tatu beki wetu mmoja akaniita pembeni akaniambia, kaka, sisi tunakuja mechi hatujala. Hela ya chakula cha mchana ambayo ilikuwa kwenye bajeti mimi nilikuwa nimeipeleka kwenye jezi mpya, mana nilitaka tupendeze, na mzee alinifuata mara mbili kuniambia vijana wana njaa nikamwambia ntaliangalia. Sikuliangalia. Nilienda kwake kuomba radhi, akanikaribisha chai na mkate wa kumimina akacheka sana, akasema mwanangu mimi nilijua, nilisubiri ujue wewe. Mpaka leo nikisikia mtu anasema kocha hana mbinu za kipindi cha pili tumbo linanisokota.

Kwahiyo kipimo cha mwisho ni miguu yako. Hapa Tanga mji mdogo, wachezaji tunapishana nao sokoni. Muuza duka wa karibu na kambi anajua mshahara umechelewa kabla ya mwandishi yeyote, akikwambia siku hizi vijana wanakopa hata vocha weka alama kushoto. Mwenye nyumba anayedai kodi ya mchezaji miezi miwili anajua. Kamwulize kwa adabu, sio umhoji kama polisi. Ukisikia mchezaji kagoma mazoezini usikimbilie kusema kocha kapoteza chumba cha kubadilishia nguo, uliza kwanza wanadai nini na wanamdai nani.

Gawa alama

Msimu ukiisha fungua ukurasa wa Agosti. Uliandika wa nane mmemaliza wa kumi na mbili, umepungukiwa nafasi nne. Sasa gawa hizo nne, sio msimu mzima, kati ya kulia na kushoto. Uwanja wa ugenini umekula ngapi, usajili wa kamati umekula ngapi, kona zile za nguzo ya kwanza zimekula ngapi. Mimi nikipata kocha ana chini ya nusu namtetea hata kama kijiwe kizima kitanirushia vikombe. Akizidi nusu nasema wazi, na nasema kitu chenyewe, hatujui kukaba kona, sub zinachelewa, yule kijana wa kushoto kadumaa. Ukisema "hafai" tu hujasema kitu, na kocha ajaye hutajua umwulize nini.

Na ukifika mahali pa kusema aondoke basi maliza kazi, waulize na viongozi nani anakuja, anakuja lini, atapewa dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu, asajili mwenyewe au atakuta tena majina yameshasaini. Wasipokuwa na jibu alama za kocha aliyeondoka zipunguze, uwaongezee wao, alaf daftari litunze pakavu mana mwezi wa nane unakuja haraka.